Samovari wa Zenaida

Zenaida hakuwahi kushindwa na neno, au tuseme hakuwahi kukubali kwamba ameshindwa. Katika kiwanda kile cha sigara nene mjini Pinar del Río, Bwana Evelio alipanda jukwaani kila asubuhi kuwasomea wasokotaji riwaya, na ilikuwa mwiko kumkatiza katikati ya sura. Neno geni likipita, shingo zote zilimgeukia Zenaida. Yeye, vidole vikiviringisha tumbaku, alisikiliza maneno jirani, akapima, akatoa maana. Mara nyingi alipatia, na hilo ndilo lililomponza.

Ikaja riwaya ya Urusi. "Pembeni, mnung'uniko wa samovari," alisoma Bwana Evelio.

"Samovari ndiyo nini?" Rigoberto wa benchi la mbele akanong'ona.

"Tulia kwanza, babu wee!" Zenaida akamjibu.

Bwana Evelio akaendelea kusoma: bi harusi akafika kwa mumewe, akakuta samovari ndani. Wageni wakibisha hodi, joto la samovari linapanda.

"Mama mkwe huyo!" Zenaida akatangaza sura ilipoisha. "Ananung'unika pembeni, anachemka wageni wakija. Nani mwingine?"

Wasokotaji wakagonga mbao kwa visu vyao vya kukatia majani, ndiyo makofi yao. Shida ni kwamba mama mkwe wa Zenaida mwenyewe, Bi Casimira, alikaa ubavuni pake, na kabla ya saa sita kiwanda kizima kilimwita Samovari.

 Saa ya kahawa ilipofika Bi Casimira alifungua chupa yake, akanywa peke yake. Tangu Zenaida aolewe, kikombe cha kwanza alikuwa akimmiminia yeye.

"Mama, ulikuwa utani tu."

Bi Casimira akaifunga chupa. Siku zikapita, harufu ya kahawa ikimpita Zenaida puani, na ilimuuma kuliko tusi.

Asubuhi moja Bwana Evelio akafungua sura mpya: "Kapteni akafungua bomba la samovari, akajaza chai kikombeni."

"Bomba? Kumbe ni birika la chai!" Rigoberto akapasuka, mwiko akausahau. "Zena, mama mkwe wako ana bomba?"

Visu vikaanza kuangushwa sakafuni, maana wasokotaji huzomea hivyo. Zenaida alitamani ardhi immeze.

Bi Casimira akasimama. "Hebu nyamazeni, nyie! Mkwe wangu kakosea nini? Samovari ananung'unika, anachemka, sawa. Lakini nani anawanywesha watu nyumbani mle?" Akafungua chupa. "Lete kikombe, mjuaji wee. Bomba limefunguka."

Kahawa ilikuwa imepoa kabisa. Zenaida aliinywa yote, akaomba tena.