Kigelegele Kabla ya Kitambaa

Mie ndiye niliyekuwa mshika vitambaa siku ile, na kwa hivyo watu wengi wanadhani niliona kila kitu. Katika shabaha, mshika vitambaa anakaa shimoni chini ya karatasi inayopigwa. Haoni watu, hasikii maneno yao, anasikia risasi tu ikimpita juu ya kichwa. Kwa hivyo mengine nitakayoyaeleza niliyasikia baadaye, na nimechukua yale ambayo wenyeji na wageni wote waliyakubali. Pale walipobishana nitasema. Shule yangu iliishia njiani na mpangilio wa maneno hunishinda, lakini mtu kumsingizia sitaki.

Jambo lenyewe ni kwamba rafiki yangu alitaka kuoa. Tulizaliwa mtaa mmoja Unguja, tukaletwa Oman tumeshakuwa vijana, na katika miaka hiyo ya tisini mie nilikuwa natunza stoo ya ofisi moja Ibra, yeye yuko Sur na kompyuta, wakati kompyuta bado zinafunikwa kitambaa jioni kama kasuku. Msichana alikuwa mwalimu, anasomesha skuli moja na dada yake rafiki yangu. Kwao Samad Ash Shan, watu wa mitende na bunduki. Posa ikapelekwa. Babake hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Mwambieni aje Sikukuu apige shabaha na sisi. Nataka nimwone."

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa yule mzee. Watu wetu walisema anatudharau, anatuona Wazanzibari tunajua kupika tu na kuimba. Sidhani. Kule kwao siku ya pili ya Sikukuu Kubwa wanaume wote hutoka kwenda bondeni na bunduki za mababu, zile za kutia risasi moja moja, wakapiga karatasi yenye duara jeusi iliyowekwa mbali kiasi cha kumwona mtu usimjue ni nani. Kila mwanamume ana risasi tatu. Mzee alitaka kumwona mkwe mahali anapowaona wanaume wote anaowajua. Ingekuwa kwetu, tungemwalika chakula tukaangalia anakula vipi.

Tatizo ni kwamba rafiki yangu alikuwa anavaa miwani mikubwa na hajapata kushika bunduki maishani.

Tulikuwa na mwenzetu wa tatu, mtu wa Bahla, Mwarabu wa pale pale, Kiswahili chake ni matusi matatu tuliyomfundisha sisi. Huyu alikuwa na bunduki ya babu yake yenye kibali, na alikuwa mpigaji kweli. Akakubali kumfundisha. Basi kila mwisho wa wiki tukawa tunakutana nje ya Jalan Bani Bu Hassan, pale mchanga unapoanza na hakuna mtu wa kumuumiza, tunaweka debe tupu liwe shabaha, tunalala juu ya busati.

"Usivute," mtu wa Bahla akimwambia. "Bonyeza. Kama unabonyeza tende kujua kama imeiva."

Rafiki yangu akabonyeza. Bunduki ikampiga bega, kilemba kikamshukia machoni, miwani ikaruka.

"Imepata?" akauliza kutoka ndani ya kilemba.

"Imepata dunia," akasema mtu wa Bahla.

Na mie nilijaribu. Nilipiga kilima kilichokuwa nyuma ya debe. Kilima hicho sikukikosa hata siku moja. Siku nyingine akatujia mwenye ngamia, mzee mkavu, akasimama akatuangalia kwa muda. Akamwuliza mtu wa Bahla kwa upole, "Hawa wanapiga nini?" Alipoonyeshwa debe akawahamisha ngamia wake, akaenda akasimama nao karibu na debe. Akasema pale ndipo penye salama.

Lakini nisimwonee rafiki yangu. Alijitahidi. Alikuwa akijifunza kupumua. Ofisini Sur wenzake wakamwona anavuta pumzi, anaiacha nusu, anaganda, ndipo anabonyeza kitufe cha kompyuta. Ilipokaribia Sikukuu alikuwa analipata debe mara moja katika mara kadhaa, na mtu wa Bahla akasema, "Katika tatu, moja huenda ikaingia. Mungu mkubwa."

Siku yenyewe tukaenda magari mawili. La pili lilikuwa la wanawake, na hili halikuwa limepangwa. Kule wanawake hawaendi kwenye shabaha. Mama mdogo wa rafiki yangu, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mamake kufariki, alipoambiwa hivyo alikuwa tayari amekwisha kupakia sufuria la pilau.

"Haendi mwanamke, mama," rafiki yangu akamwambia. "Ada yao."

"Haendi mwanamke, sawa. Mie naenda mamako. Nimekulea toka huna meno, leo uende ukachunguzwe na watu mie nikae nyumbani nakunja nguo?"

"Basi ukae mbali."

"Nitakaa mbali. Kwani nimesema nitashika bunduki?"

Wenyeji, na hili nawasifu, hawakusema neno. Waliwaonyesha mahali pazuri chini ya msamuri, ule mti wa miiba wenye kivuli, mbali na wapigaji, wakawapelekea kahawa na tende. Kosa lilikuwa letu: hakuna aliyekumbuka kuwaeleza wanawake mchezo wenyewe. Kwamba bunduki ikilia wote wananyamaza. Kwamba wanangoja kitambaa kutoka shimoni: cheupe imeingia, chekundu imekosa. Kwamba hapo tu, kikiwa cheupe, ndipo watu wanaruhusiwa kufurahi.

Mie nilichaguliwa kushika vitambaa kwa sababu wageni walitakiwa kutoa mtu, na mtu wa Bahla akasema mimi nisipewe bunduki mbele za watu. Mzee babake msichana aliniangalia. Alikuwa mfupi, ndevu nyeupe, jambia limekaa juu ya tumbo kama limezaliwa hapo. "Utasema kweli?" akaniuliza. Kiarabu changu cha siku zile kilikuwa cha stoo, kinajua misumari na rangi. Nikasema, "Nitahesabu vizuri." Akaridhika.

Shimo lilikuwa kavu, lina mchwa. Nikakaa. Wenyeji wakapiga kwanza na nikapunga cheupe mpaka mkono ukaniuma. Mtu wa Bahla akapiga, cheupe, cheupe, cheupe. Halafu kukawa kimya kirefu, nikajua sasa ni zamu ya rafiki yangu. Nikajiona na mie navuta pumzi, naiacha nusu.

Ya kwanza ikapiga ardhi mbele yangu na kunimwagia mchanga. Chekundu.

Ya pili ikachana pembe ya karatasi. Niliichungulia sana hiyo. Nilitamani duara liwe kubwa zaidi. Lakini pembe si duara, na kama angekuwa mtoto wa mwenyeji ningepunga chekundu. Nikapunga chekundu.

Ya tatu sikuona alama yake mahali popote. Niliisikia ikienda zake kulia, kisha mlima ukajibu huko nyuma. Na papo hapo, kabla sijagusa kitambaa chochote, nikasikia kigelegele.

Kwa wasiokijua kigelegele cha Mama mdogo, kile kilikuwa kinasikika mtaa wa tatu. Wengine wakampokea. Nikainuka na kitambaa chekundu, nikapunga. Wale wanawake walipoona mtu ameinuka kutoka ardhini anapunga kitambaa chekundu kwa nguvu, wakazidisha. Nikapunga zaidi. Wakazidisha zaidi.

Sasa huku kwa wapigaji, nasimulia nilivyoambiwa. Kigelegele kilipolia wote waligeuka kuwatazama wanawake, hakuna aliyetazama shimoni. Wenyeji wakadhani hawa Wazanzibari wana mtu mwenye darubini. Vijana wakamwinua rafiki yangu kutoka kwenye busati, huyu anampiga mgongo, yule anamrudishia miwani. Na mzee, hapa ndipo panapobishaniwa. Wetu wanasema alimkumbatia. Wao wanasema alimpa mkono tu. Wote wanakubali alisema, kwa sauti, mbele za watu: "Ijumaa uje na wazee wako."

Ndipo nikafika mie, nimekimbia njia yote na kitambaa changu, natweta. Kijana mmoja akanikumbatia. Nikasema, "La, la." Mwingine akanikumbatia. Rafiki yangu akauona uso wangu na akaelewa. Akanijia karibu akasema kwa Kiswahili, huku anatabasamu kwa ajili ya watu:

"Kitie mfukoni hicho."

"Imekosa."

"Yakhe, kitie mfukoni."

"Nimemwambia mzee nitahesabu vizuri."

"Basi hesabu moyoni!"

Nilisimama pale, na mpaka leo sijui kama niliyoyafanya niliyafanya kwa uadilifu au kwa sababu mzee alikuwa ameshaniona na kitambaa mkononi. Nilimwendea. Nikamwambia imekosa.

Akakitazama kitambaa changu. "Imepita wapi?"

"Kulia."

"Mbali?"

"Mbali kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikanyoosha mikono yote miwili. Nikaona haitoshi, nikapiga hatua nikanyoosha tena.

"Na wale wanashangilia nini?" akauliza, anaonyesha msamuri.

Akaitwa Mama mdogo, akaja na buibui lake, haogopi mtu. Alimwamkia kwa Kiarabu chake cha Unguja, kile cha chuo cha Kurani. Mtu wa Bahla akamwuliza kwa niaba ya mzee, mie nikamfasiria kwa Kiswahili.

"Kwani lazima apate ndipo ashangiliwe?" akasema Mama mdogo. "Mtoto kalala chini mbele za watu, bunduki imemlilia sikioni, kainuka mzima. Akipata watamshangilia wote. Akikosa nani wa kumshangilia kama si mimi?"

Nilimfasiria mzee neno kwa neno, na kwa haki, Kiarabu changu kiliharibu kidogo. Nadhani nilisema bunduki imelia kwa huzuni. Mzee alimtazama Mama mdogo, akamtazama rafiki yangu ambaye rangi yake ilikuwa kama ya karatasi ya shabaha.

"Nimesema aje Ijumaa," akasema mwishowe. "Sikusema nitampa. Aje."

Basi tukala. Pilau lilimalizika lote, na wenyeji walirudia. Njiani kurudi Ibra rafiki yangu alinipa kisogo. Mtu wa Bahla alikuwa akiimba. Tulipokaribia mjini ndipo rafiki yangu akasema, anatazama dirishani, "Ijumaa na wewe unakuja."

"Mie?"

"Uje. Lakini usifungue mdomo."

Ijumaa baada ya sala tukakaa kwenye sabla ya mzee, chumba chake cha kupokea wageni, wazee wetu mbele na makanzu yao yaliyopigwa pasi, mie karibu na mlango na viatu. Rafiki yangu alikuwa ametiwa udi mpaka anakohoa. Wazee wakazungumza mvua, wakazungumza mitende, ami yake akamsifu: mtoto wa watu, mtaratibu, kazi nzuri. Mzee alikuwa akiitikia, inshallah, inshallah, kama mtu anayengojea kitu kingine. Halafu akasema:

"Yule wa vitambaa yuko wapi?"

Wote wakageuka. Nikainua mkono kama nimo skulini.

"Njoo hapa karibu." Nikasogea. "Huyu anaswali?"

"Anaswali."

"Yule mama aliyemlea, anamheshimu?"

"Anamheshimu. Anamwogopa pia."

"Vizuri. Sigara?"

Rafiki yangu alikuwa anatazama maua ya zulia. Alikuwa anavuta pakiti kwa siku wakati ule, hata gari lake lilikuwa linanuka. Ami yake akanipiga jicho. Niliwaza kusema sijui, lakini hilo pia ni jibu, na la uongo.

"Anavuta," nikasema.

Pumzi zikashuka chumbani.

"Ila huacha Ramadhani," nikaongeza, maana ilikuwa haki yake isemwe.

"Mchana?" akauliza mzee.

"Mchana."

Mmoja katika wazee wa kwao alicheka kwanza, akaficha uso na kilemba, halafu wakacheka wote, na mzee tumbo likatikisika mpaka jambia likacheza. Alipotulia akamgeukia rafiki yangu. "Utaacha?"

"Inshallah," akasema rafiki yangu, kwa sauti ndogo.

Mzee akanigeukia tena. "Ataacha?"

Nilifikiri. Nilimtazama, kilemba kimekaa upande, jasho linamtiririka chini ya miwani. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa anabonyeza kompyuta.

"Wallahi sijui," nikasema. "Atajaribu sana."

Mzee akazishika ndevu zake, nikaona nimemwozesha au nimemvunjia, hakuna katikati. Kisha akafungua viganja vyake juu ya magoti, na wazee wote wakafungua vyao, akaanza kuisoma Fatiha ya posa.

Baada ya halwa na kahawa rafiki yangu aliniomba nitoke naye nje kidogo. Nilijua nitatukanwa, na nilikubali kutukanwa. Hakunitukana. Alikwenda nyuma ya ukuta wa bustani, akatoa sigara na kiberiti. Aliniangalia tu.

Nikasimama mbele yake, upande wa nyumba ya mzee, na kanzu yangu nimeipanua. Nilijiambia namkinga na upepo. Upepo haukuwepo.