Shangazi na Mpishi wa Kwenye Runinga

Shangazi yangu, fundi cherehani, hashoni bila kumgombeza yule dada wa kwenye runinga aliye katika shindano la kupika bila kulala. "Punguza moto, wewe! Kitunguu hicho umekikata au umekitafuna?"

Wateja nao hawakosi neno. Mmoja anamsifu, mwingine anasema anatafuta sifa tu. "Ugali wenyewe unakushinda," Shangazi humjibu huyo.

Jana yule dada aliegemea meza, macho yakajifumba, mwiko ukamponyoka. Shangazi akainuka, akazima runinga.

"Shangazi! Ndiyo kwanza pananoga!" nikalalamika pamoja na wateja.

"Mtoto wa watu amechoka. Mkimkodolea macho hivyo, atalala saa ngapi?"

Akarudi kwenye cherehani, roho kwatu, akawa anakanyaga taratibu asije akamwamsha.