Gitaa Jekundu la Kagaruki

Kokwijuka aliitwa mwizi mbele ya ukoo wake, kwenye matanga ya baba yake mzazi, na mwizi hakuwa yeye. Ilisemwa ameiba gitaa la umeme la marehemu. Aliyesema ni kaka yake Rwegasira, ndiyo kwanza ametawazwa mrithi, na shangazi yao Ephrasia akaapa kwamba alimwona akitoka na furushi. Neno la mrithi halipingwi na mwanamke aliyeachika. Akakatazwa kukanyaga kibanja, shamba la migomba la ukoo, kule Kamachumu. Mama yake naye alipokufa, Kokwijuka alisikilizia mazishi akiwa barabarani.

Alikaa Buhembe, akilima migomba ya watu na ya kwake michache. Mtu aliyewahi kuitwa mwizi hujifunza kumtazama kila mtu mikononi. Mgeni akiaga, Kokwijuka huangalia majembe yapo mangapi. Jirani akimletea senene wa kukaanga, hujiuliza anataka nini.

Gitaa lenyewe baba yake, Kagaruki, alilinunua ujanani, alipokuwa akipiga muziki wa dansi mjini Bukoba. Lilikuwa jekundu kama kahawa iliyoiva. Kitufe kimoja cha sauti kilipopotea, alichonga kingine kwa mti wa mbuni, na Kokwijuka, akiwa mtoto, akakilainisha kwa jani la msasa mpaka vidole vikamuuma.

Kitufe hicho ndicho Kokwijuka alichokiona kule Nshamba miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya binti wa jirani. Kwaya ya Kilutheri ilikuwa ikiimba, na kijana mmoja, Julius, amelivaa gitaa la Kagaruki begani. Kokwijuka hakugusa pilau yake. Alisubiri mpaka watu walipoanza kutoa zawadi, akamfuata kijana nyuma ya turubai, akamuuliza gitaa amelitoa wapi.

Julius akamtazama juu mpaka chini. “Mama, umetumwa na polisi au na mchungaji?”

“Nimetumwa na aliyechonga hicho kitufe.”

Kijana akacheka, lakini alirudi nyuma hatua moja. Akasema alilinunua kwa Celina, mwenye baa pale Muleba mjini. Kokwijuka hakuamini. Kijana anayejibu haraka hivyo, alijiambia, ama ni mkweli sana ama ameandaliwa.

Hata hivyo alikwenda Muleba. Celina alikuwa akipanga kreti za soda, na hakusimama kwa ajili yake. “Wanawake huja hapa kutafuta waume zao,” alisema. “Wa kutafuta gitaa ndiyo wewe wa kwanza.” Alieleza kwamba aliwahi kuwa na bendi, bendi ikasambaratika kwa ulevi, akauza vyombo. Gitaa alikuwa amelipata kwa Muharami, fundi redio wa sokoni Bukoba. Kokwijuka akamuuliza kama anamjua Anatolia, mke wa Rwegasira, maana kwa miaka yote hiyo alimshuku wifi yake huyo kuwa ndiye mwizi. Celina hakumjua. Kokwijuka akaondoka akiamini kwamba anamjua.

Muharami alikuwa mzee sasa, lakini gitaa alilikumbuka, kwa sababu lilimsumbua. Lililetwa na kijana wa bodaboda asiyetaja aliyemtuma. Lilikuwa chafu.

“Nilitoa manyasi mpaka nikachoka,” alisema. “Makavu, yamelaliwa, kama yametoka chini ya godoro. Yamejisokota kwenye nyuzi zote. Nikamuuliza yule kijana, hili gitaa mlililaza na ng’ombe?”

Alikuwa akisimulia kama mzaha. Kokwijuka alishika ukingo wa meza.

Kwao, siku za matanga nyasi hutandikwa sakafuni, na wafiwa hulala juu yake. Matanga yakiisha, nyasi hizo hufungwa na kwenda kutupwa mbali kibanjani, na hapana mtu anayezigusa njiani wala kuzifuata huko. Zimeshiba kifo. Katika nyumba ya Kagaruki, Rwegasira alikataa kusaidiwa. Alizifunga mwenyewe alfajiri, akazibeba mwenyewe kichwani, na wazee wakamsifu kwamba huyo kweli ni mrithi, hakuona haya kubeba uchafu wa msiba wa baba yake. Hata Kokwijuka alimlilia kwa huruma.

Safari ya Kamachumu aliifanya peke yake. Alisimama kwenye mpaka wa kibanja, akaita. Anatolia alitoka kwanza, na aliposikia habari za nyasi akakaa chini palepale, mdomo wazi. Kokwijuka akaona kwamba huyu hakujua. Ilimuuma kidogo, kumdhania mtu bure kama alivyodhaniwa yeye.

Rwegasira alikuja na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyopokelewa mgeni. Kokwijuka hakunyoosha mkono.

“Nyasi za matanga ya tata, baba yetu, alizitoa nani?”

“Mimi. Kila mtu aliona.”

“Na ndani yake kulikuwa na nini? Gitaa nimelikuta Nshamba, kwa wanakwaya.”

Rwegasira alimtazama mkewe, kisha akatazama migomba. “Nitakwenda Nshamba nilinunue,” alisema taratibu. “Ulichukue, yaishe.”

“Gitaa liache wanakwaya walipige. Uliniita mwizi umesimama mbele ya watu. Simama tena.”

“Waitu, ndugu yangu, wazee wengi wamekufa.”

“Waliobaki wananitosha.”

Akaahidi kwamba kahawa ikishavunwa ataita ukoo. Kahawa imevunwa, imeanikwa, imekwenda kiwandani, na ukoo haujaitwa. Anatolia hupita Buhembe mara mojamoja, akisema mumewe anaumwa kiuno. Kokwijuka humkaribisha ndani, ila haulizi.

Rwegasira bado ana deni la kusimama uani kwa baba yao na kusema, kwa sauti ileile, nani aliiba. Shangazi Ephrasia, aliyeapa kuona furushi lisilokuwepo, ana deni la kukiri kabla hajafa, na umri umeshakwenda. Na ukoo wote, mmoja mmoja, Kokwijuka anawadai njia ya kufika kaburini kwa mama yake.