Kalenda ya Zhongda

Wiki iliyopita kijana wa kizungu alikuja kwenye kikao cha kijiji chetu kuomba aongezewe muda wa kitalu chake cha uwindaji. Nilipoliona taya lake pana, pua ikanijaa harufu ya vitambaa vipya.

Nilikuwa na miaka minane, nimefuatana na baba kwenye soko la vitambaa la Zhongda, Guangzhou. Majora yalitupwa sakafuni kwa kishindo, na laoban, bosi wa duka, alikuwa akivuta supu kwa kelele. Ukutani ilining'inia kalenda aliyopewa na mteja wa Tanzania: mzungu mwenye taya pana amemkalia tandala aliyekufa, anacheka. Nyuma yake kilikuwa kilima cha kijijini kwetu.

Baba alisahau vitambaa. Kwetu mwindaji hamkalii mnyama aliyemuua. Humfunika macho kwa majani.

"Laoban, niuzie hiyo picha."

"Bu mai, siuzi. Nunua kitambaa kwanza."

Baba akanunua majora matano ya rangi asiyoitaka, akapewa kalenda. Nilidhani ameipenda. Sikujua kwamba wenyeji tulikuwa tumenyimwa leseni ili wageni wawinde bonde letu peke yao, wala kwamba nauli ya kwenda Guangzhou baba aliipata kwa kuuza bunduki yake.

Basi kikaoni wiki iliyopita, kabla ya kura, nilituma mtu nyumbani aniletee kalenda ile.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza kijana.

"Baba yangu," alijibu kwa fahari.

Wazee wakaitazama. Mwenyekiti ni mimi. Nikasema wanaomkubali wanyooshe mikono. Ulionyooka ulikuwa mmoja tu, wake.

"Shusha," nikamwambia. "Wewe si mkazi."