Asubuhi Ambayo Fundi Koki Hakubipu

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Fundi Koki anazunguka bwawa lisilo na kazi. Anatembea ukingoni polepole, anachovya fimbo yake majini, anaitoa, anasoma alama zilizochorwa kwa rangi nyeupe. Kina ni kile kile cha jana. Na cha juzi. Anakiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kibanda chake, ingawa hakuna tena mtu wa kuja kuisoma.

Nyuma yake kiwanda cha nguo kimenyamaza, na hii ni wiki ya saba. Getini kuna kufuli jipya na amri ya ofisi ya mazingira iliyogongwa mhuri. Kati ya wafanyakazi mia tatu themanini, waliobaki ni walinzi wawili na yeye, kwa nusu mshahara, kwa kuwa bwawa lililojaa maji ya rangi haliachwi hivi hivi.

Ana miaka hamsini na minane. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza hapa, akifungua na kufunga koki moja ya chuma yenye gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mikono miwili. Jina lake halisi hata ofisi ya mishahara iliwahi kulikosea. Yeye ni Fundi Koki tu, na zamani lilikuwa jina la utani wa heshima.

Kazi yenyewe ukielezwa ni nyepesi. Maji yaliyotumika kupaka nguo rangi huingia bwawani, hukaa siku tatu ili machafu yatulie chini, ndipo hufunguliwa yaende mtoni. Hivyo ndivyo inavyosema karatasi iliyo ukutani. Lakini zikija oda kubwa, sare za shule au mashuka ya hospitali, bwawa hujaa kwa siku moja, na neno hutoka juu kwamba fungua. Naye alifungua. Angefanyaje, mtu wa koki, abishane na meneja?

Mto ukateremka mwekundu, au wa buluu, kulingana na nguo iliyopakwa. Na watu wa mjini, Mungu atusamehe, wakauona ule wekundu wakafurahi. Maji ya rangi maana yake kuna kazi. Wauza chai waliongeza sufuria. Mto ukiwa safi wiki nzima, watu walianza kuulizana kwa wasiwasi nani atamwaga unga safari hii.

Nusu saa kwa miguu kutoka bwawani, bondeni, kuna bustani arobaini na sita za mboga. Moja ni ya dada yake mkubwa, yule aliyemlea mama yao alipofariki. Miaka kumi na mmoja iliyopita mchicha wa dada uliungua wote kwa maji yale. Hakuja kupiga kelele. Alipanda hadi kwenye uzio wa kiwanda, akamwagia mdogo wake majani meusi miguuni, akageuka akaondoka.

Hapo ndipo wawili hao walipotengeneza mpango wao. Asubuhi ya kufungua koki, Fundi Koki alimbipu dada yake mara moja. Simu iliita na kukatwa. Dada aligonga ndoo kwa kijiko, wenzake wakasikia, na siku hiyo hakuna aliyechota mtoni. Walimwagilia kwa maji waliyoweka kwenye mapipa. Asipobipu, walichota.

"Nilijiona mjanja," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Kiwanda kinakula, dada anakula, na mimi nalala usingizi wangu. Nikasema, sasa hapa nani ameumia?"

Mpango ulikuwa wa siri, maana kumtonya mtu wa bondeni ni sawa na kukiri kwamba maji ni mabaya. Hakumwambia bosi. Hakumwambia hata mkewe. Na hakumwambia mtu wa boila, yule wa mtambo wa kuchemshia maji, baba wa watoto watano, aliyewekwa kumshikia zamu wiki nane zilizopita, siku mbili ambazo mkewe Fundi Koki alifanyiwa upasuaji wa macho.

Siku ya kwanza haikuwa na neno. Siku ya pili ikaja amri ya kufungua, na mtu wa boila, mtiifu wa watu, akafungua. Bondeni simu haikuita. Yalikuwa maji ya dawa ya kung'arishia mashuka meupe, hayakuwa na rangi ya kumshtua mtu. Wanawake wakajua mto ni salama. Ule ulikuwa msimu wa kupanda tena, kwa hiyo wote walikuwa shambani, na wote wakachota, wakamwagilia hadi jua lilipokuwa kali.

Bustani zote arobaini na sita ziliungua. Wanawake watatu waliosimama majini walibabuka miguu hadi magotini, na mmoja bado anatembelea mkongojo. Fundi Koki alipata habari akiwa kwenye benchi la hospitali, ameshika miwani ya mkewe. Anasema alitoka nje akatapika.

"Tulipanga kinyume," anasema, na hili amelisema mara tatu asubuhi hii. "Tungesema nikibipu ndiyo wachote. Nisipobipu, mtu asiguse. Ni jambo dogo hivyo. Miaka kumi na mmoja sikuliwaza."

Sasa anapigwa pande zote mbili. Wafanyakazi wenzake wamesikia habari za kubipu, wanasema ndiye aliyewatilia mchanga kitumbua chao kwa kuwazoesha watu wa bondeni kulalamika. Wa bondeni nao wanasema kumbe alijua siku zote. Kwenye duka la jirani akiingia, mazungumzo yanakatika, anapimiwa sukari yake kimya kimya, anatoka.

Lakini lililo mbele yake ni zito zaidi. Kiwanda kimeieleza ofisi ya mazingira kwamba ile ilikuwa ajali ya siku moja, uzembe wa mtu wa boila, ambaye tayari amefukuzwa. Ikikubalika hivyo, milango itafunguliwa mwezi ujao, na bwawa litabaki lilivyo. Rangi mtoni kila mtu aliiona, lakini anayeweza kueleza kwamba koki ilifunguliwa kabla ya siku tatu kwa amri, miaka yote, ni Fundi Koki peke yake. Ameitwa Alhamisi kutoa maelezo.

Akisema kweli, kiwanda hakitafunguliwa mpaka wajenge mtambo wa kusafisha maji, na mwenye mali ameshatamka kwamba kuliko kuujenga, atahamisha mashine. Hapo pensheni yake, iliyobakiza miezi kumi na tisa, nayo inaingia mashakani. Akinyamaza, mtu wa boila atabaki na doa hilo maisha yake yote.

Ungedhani dada angemsukuma aseme. Wapi! Dada ndiye wa kwanza kumwomba anyamaze, kwa sababu binti yake alikuwa akifunga mizigo ya nguo humo kiwandani kabla hakijafungwa, na mshahara wake ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zake. "Mboga zitaota tena," alimwambia. "Mshahara hauoti." Fundi Koki alirudi nyumbani siku hiyo bila kula.

Kazi ile ya kufunga mizigo, mjomba ndiye aliyemtafutia binti huyo. Ndiyo maana Jumanne jioni alimwita nyumbani kwake, sebuleni penye viti viwili na kitanda cha mkewe kilichosogezwa karibu na dirisha, akamwambia ana kwa ana kwamba amekata shauri kusema. Mwandishi alikuwapo, naye hakuombwa atoke. Fundi Koki alipoulizwa kama anataka habari hii icheleweshwe, alikataa. Ikitoka kabla ya Alhamisi, alisema, hataweza kurudi nyuma.

Binti alikunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake.

"Ukisema, mjomba, watafungua?"

"Sijui."

"Na usiposema?"

"Mwezi ujao."

Mkewe Fundi Koki, jicho moja bado lina bandeji, aligeuza uso akatazama ukutani. Binti akasimama, akachukua vikombe, akavipeleka kuviosha. Aliporudi mikono ilikuwa bado na maji, na hakukaa tena.

"Basi nenda mapema, mjomba," alisema. "Kabla sijaja kukuomba usiende."

Ofisi ya mazingira hufunguliwa saa mbili. Alhamisi Fundi Koki amepanga kuwa mlangoni saa moja na nusu.