Baragumu la Mzee Feruzi

Nakumbuka siku moja nilitoka Cheyo, mtaani kwangu mjini Tabora, asubuhi na mapema, mkeka kwapani, sijui niendako. Mwanangu, wewe uliyepewa kazi ya kuwasemea watu magazetini na redioni, nakusimulia kwa sababu siku ile ndiyo iliyonifunza kazi. Shule mimi niliiacha mapema.

Wakati ule wa Mwingereza, warina asali wa Sikonge walinichagua niwe msemaji wao mjini Tabora. Nilijua kuandika, na nilikuwa mdadisi wa kila kitu isipokuwa kile nilichopaswa kukidadisi. Kabla yangu kazi ilikuwa ya Mzee Feruzi, aliyepita mitaani na baragumu kutangaza kwamba madebe mapya ya asali yamefika. Gazeti likashika nafasi yake, nami nikajiona mkubwa kuliko yeye.

Ukazuka uvumi kwamba asali ya Sikonge inachanganywa na maji ya sukari. Wanunuzi wakasita, jasho la msimu mzima likakaa ghalani. Nikaandika gazetini kwamba asali yetu yote ni safi. Sikuwa nimeonja hata debe moja. Zamani gazeti lilichapa ulichopeleka, yakaisha. Safari hii mwandishi wake aliniletea barua: kesho yake atakwenda Sikonge mwenyewe kuliona ghala, na angependa kunikuta huko.

Ndipo nikakunja mkeka.

Nilipofika Kwihara, nje kidogo ya mji, nilimkuta Mzee Feruzi barazani kwake, anashona kofia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza nakwenda wapi.

"Natembea tu, Mzee."

"Na mkeka nao unatembea tu?"

Nikacheka kwa aibu, nikamweleza yote. Hakupandisha sauti.

"Mimi nilikuwa nikishapiga baragumu naliweka chini, nakaa, mpaka mwenye swali la mwisho aulize. Wewe umepiga, unakimbia."

Nikajitetea kwamba gazeti si baragumu, wanaolisoma huwaoni.

"Basi huyo mwandishi ndiye anayekuletea maswali yao. Kampokee."

Nikadandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua tumbaku. Sikonge nilikuwa sijafika maishani mwangu, nami ndiye niliyekuwa nikiisemea! Mama Kalunde, mtunza ghala wa chama cha warina, akanifungulia, tukaonja debe moja moja. Mawili yalikuwa na sukari. Yeye alishayatilia shaka na kuyatenga kando, hakuna aliyemuuliza.

Alasiri mwandishi akafika. Nikamwonyesha yale mawili kwanza, kisha mengine yote, nikamwambia kwamba niliandika bila kuona. Aliuliza mengi. Nilikaa mpaka akafunga daftari lake. Baadaye aliyachapa yote, na kosa langu humo humo, na wanunuzi waliposoma wakarudi kuchukua asali iliyobaki.

Lakini jioni ile hatukuyajua hayo. Niliaga nikatafute pa kulala, Mama Kalunde akaninyang'anya mkeka, akautandika chumba cha pili cha nyumba yake.

"Lala hapa," akasema. "Msemaji wetu aizoee harufu ya asali."

Mpaka leo nawashukuru Mzee Feruzi na Mama Kalunde. Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kusema, nenda ukaone. Kosa likiwapo, litaje wewe kwanza. Na ukishasema, kaa uulizwe. Mwandishi mwenye maswali si adui yako. Mungu akupe ulimi usioogopa swali, na popote ugenini utakapofika, akupe mtu wa kukutandikia mkeka.