Nilisema Dawa

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa mkalimani wa simu Stockholm. Nilikaa jikoni kwangu mtaa wa Hjulsta, kahawa mkononi, nikiwaunganisha wakunga wa Kiswidi na akina mama wa Kiswahili. Kazi ile ina sheria: husemi "mama huyu anasema." Mgonjwa akisema "ninaumwa," nawe unasema "ninaumwa," kana kwamba tumbo ni lako. Nilijivuna kwamba naiweza. Nilikuwa na mdomo mwepesi, na ndio ulioniponza.

Siku moja kwenye simu alikuwa mama Mkongomani, mimba ya miezi miwili, mfanya usafi kule Märsta. Mkunga akauliza kama kazini anashika kemikali. Nikaona hilo ni neno la darasani, litamtisha bure. Nikamrahisishia.

"Mama, kazini unatumia dawa yoyote?"

"Hapana, dada. Miye sinywaka dawa. Niko muzima."

Nikasema kwa Kiswidi: hapana. Mkunga akaenda kwenye swali lingine.

Sisi kila kitu tunakiita dawa: ya malaria, ya mende, ya nywele, ya choo. Nilikuwa najua hivyo tangu utotoni, na bado sikumuuliza dawa gani. Sijajisamehe.

Baada ya miezi mitano niliitwa hospitalini, safari hii ana kwa ana. Nilimtambua mama yule kwa sauti. Mtoto alikuwa amefia tumboni. Moyo wake haukuumbika sawasawa. Daktari akauliza upya habari za kazi. Sasa ndipo nilipofafanua: kemikali, mama, za kusugulia, za kung'oa nta sakafuni.

"Ile ya nta? Kila siku. Glavu zilikuwaka zinaisha."

Daktari akaeleza kwamba baadhi ya vitu hivyo huingia kwa ngozi na kwa pumzi, vikamfikia mtoto wiki zile za mwanzo viungo vinapoumbika. Mkunga angejua, angemwombea kazi nyingine. Kama ndivyo vilivyomdhuru huyu, hakuna awezaye kusema. Niliyatafsiri yote. Kosa langu sikulitaja. Mkalimani haruhusiwi kuongeza lake, nami nikajificha nyuma ya sheria hiyo.

Mama aliitazama mikono yake.

"Ni miye niliua mutoto yangu?"

Daktari akanigeukia, akingoja. Nikasema kwa Kiswidi, kwa sauti yangu, kama kazi inavyotaka:

"Ni mimi niliyemuua mtoto?"